Kitabu kimoja, wasomaji sita: kizunguke vipi kati ya Tabora na Kigoma?

Riwaya ya historia ipo moja. Wasomaji wako Tabora mjini, Sikonge, Urambo, Nguruka, Ujiji na Kasulu. Wote wanaitaka, na wote wanataka kuambiana walichokiona humo. Ukiwauliza kitabu kisafiri vipi, wengi watakujibu harakaharaka, "Kipite tu mkono kwa mkono," na baada ya miezi minne hakuna anayejua kiko kwa nani. Njia ziko kadhaa, na hazifanani kwa gharama, kwa muda, wala kwa mazungumzo zinayozaa. Hilo la mazungumzo ndilo watu hulisahau wanapopanga, na mimi ndilo ninalolipa uzito kuliko bei ya stempu.

Tuwafanye hao sita kuwa mfano wetu. Kila mmoja apewe wiki 3 za kusoma na kuandika maoni yake, na kila hatua ya safari tuihesabu wiki 1, hata kama kifurushi kitawahi. Wiki 3 si nyingi kwa mtu mwenye tumbaku ya kuchuma, au mwenye rundo la madaftari ya wanafunzi linalomsubiri mezani. Wanaojigamba kwamba riwaya wanaimaliza kwa siku mbili waambie waandike basi kurasa mbili za maoni, uone watakavyoomba muda.

Mzunguko au nenda-rudi

Mzunguko ndio unaojulikana zaidi: mwenye kitabu anasoma, anamtumia wa pili, wa pili anamtumia wa tatu, mpaka kinarudi nyumbani. Nenda-rudi ni kwamba kitabu kinarudi kwa mwenyewe kila msomaji mmoja akimaliza, na yeye ndiye anayekituma kwa anayefuata.

Kwa hesabu mzunguko unashinda. Kusoma kwa watu sita ni wiki 18, na hatua za njiani mpaka wa sita akipate ni 5. Jumla wiki 23 mpaka msomaji wa mwisho afunge jalada. Nenda-rudi inazifanya hatua hizo kuwa 9, yaani wiki 27, na kitabu bado kinadaiwa safari ya kurudi. Vifurushi vya kulipia ni 6 kwa mzunguko na 10 kwa nenda-rudi. Tena kwenye mzunguko kila mtu anabeba hatua yake moja, wakati nenda-rudi inamwelemea mwenye kitabu. Hata mkichangiana nauli, miguu ya kwenda kutuma mara tano ni yake.

Mbona basi wako wanaoishikilia nenda-rudi? Kwa sababu ya amani ya moyo. Mwenye kitabu anajua kila wakati kiko wapi, na kikirudi na alama anajua ni ya nani. Doa la mawese kwenye ukurasa linaonyesha upande wa Kigoma bila upelelezi mrefu, lakini kwenye mzunguko upande wa Kigoma wako watatu, na kila mmoja ataapa kwamba alikikuta nalo. Kama kitabu ni cha marehemu baba yako, au kina sahihi ya mwandishi, chagua nenda-rudi na usimwonee mtu haya. Kama ni nakala ya kawaida inayonunulika tena, sioni sababu.

Mzunguko nao una ugumu wake huku kwetu: ramani haina duara. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na miji mingi imejipanga kuifuata: Tabora, Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, Kigoma. Mkikipeleka kitabu kituo kwa kituo mpaka Kasulu, hatua ya kurudi Tabora inakuwa ndefu kuliko nyingine zote, na mara nyingi hapo ndipo kinapolala, kwa kuwa wa Kasulu anangoja mtu anayesafiri. Dawa yake ni kuruka. Wakati wa kwenda, kitabu kitoke Tabora kiende Urambo, Ujiji, kisha Kasulu. Wakati wa kurudi kishuke Nguruka, kipite Sikonge, kirudi Tabora. Kila mtu anapata zamu yake, na safari ya kurudi inakuwa na kazi.

Jambo dogo linaloziokoa njia zote mbili: ndani ya jalada la nyuma bandikeni karatasi yenye majina kwa mpangilio, na mbele ya kila jina nafasi mbili, tarehe ya kupokea na tarehe ya kutuma. Hakuna anayependa jina lake lionekane na pengo la miezi miwili katikati ya majina ya watu wenye wiki tatu tatu. Inafanya kazi kuliko simu za kukumbushana.

Maoni yaandikwe wapi

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo.

Njia ya kwanza ni kuandika pembeni mwa ukurasa. Ina uhai wake, maana unakuta "Uongo!" pale pale penye sentensi iliyomkera aliyekutangulia. Njia ya pili ni daftari linalosafiri na kitabu. Ya tatu ni barua: kila mtu anaandika karatasi zake na kuwatumia wenzake, mbali na kitabu.

Maoni ya pembeni yana kasoro ambayo kwa riwaya ya historia ni kubwa: nafasi ni ndogo. Riwaya za namna hii huwafanya watu wasimulie mambo ya kwao, na mambo ya kwao hayaenei kwenye ukingo wa sentimita mbili. Ukimpa mtu wa Urambo riwaya inayotaja zama za Mtemi Mirambo, hatakuandikia "nzuri sana." Atakuandikia alichosikia kwa bibi yake, ataeleza kwa nini mwandishi amekosea njia, na ataongeza jina la mto. Hayo yanahitaji kurasa.

Kwa hiyo daftari. Ila daftari linalokwenda na kitabu kwa mzunguko lina upungufu ambao haugunduliwi mpaka mwisho: wa kwanza anaandika gizani, na wa mwisho anaandika sokoni. Wa kwanza hana wa kumjibu. Wa mwisho anafungua ukurasa akiwa ameshaambiwa na watu watano amchukie nani. Na wa kwanza, baada ya kutuma, hataliona tena daftari, ila akiwa yeye ndiye mwenye kitabu.

Natoa mfano kutoka daftari moja ninalolitunza, la riwaya ya misafara ya pembe. Mzee wa Sikonge aliandika mapema kabisa: "Babu wa babu yangu alibeba pembe mpaka Bagamoyo, akalipwa vitambaa, akarudi akaoa. Mwandishi huyu amewafanya wapagazi kama mbuzi wa kuswagwa. Sikubali." Ana hoja. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi katika karne ya 19 walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wakijivunia kwamba wamefika pwani. Kurasa kadhaa mbele, kwa mwandiko mdogo uliolala kulia, mama mmoja wa Ujiji mwenye asili ya Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, aliandika: "Mjomba, shikamoo. Wako alirudi na vitambaa. Wangu alivushwa ziwa na kamba shingoni, na hakurudi. Soma tena ule ukurasa, lakini safari hii mtazame mtoto, mpagazi mwache."

Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yakitafutwa tangu kitabu kitoke Tabora. Kwa mzunguko wa kawaida mzee wa Sikonge asingeyaona kamwe. Aliyaona kwa sababu kundi hilo lina kanuni: kitabu kikimaliza zamu yake kinabaki, daftari linazunguka mara ya pili peke yake. Mzee akajibu kwa nusu ukurasa, akianza na "Marahaba mwanangu," na nusu ukurasa huo unazidi yote aliyoyaandika mwanzo.

Gharama ya zamu hiyo ya pili ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Riwaya ya kurasa 250 za saizi ya A5, kwenye karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina uzito wa kama gramu 300. Daftari la kawaida la shule la kurasa 64 halifiki gramu 100. Halihitaji wiki 3 kwa mtu mmoja pia. Siku chache zinatosha kusoma majibu na kuandika lako. Mimi napenda kaunta buku ndogo, yenye jalada gumu, kwa kuwa daftari laini hupoteza jalada likifika mikono ya nne. Lakini kaunta buku inaongeza uzito, na kama kila gramu mnaihesabu, chukueni la kawaida mlitie kava la kaki kama la wanafunzi.

Kanuni nyingine inayofaa kwa daftari, hata msipozungusha mara mbili: kila mmoja aandike kwanza maoni yake, ndipo asome ya wenzake. Kurasa zilizotangulia zifungwe kwa pini au mpira. Najua watu watachungulia. Wachungulie, ilimradi wawe wameshaandika aya moja.

Kila mtu na nakala yake

Hii ni njia ya wenye nafasi, nami siidharau. Wote sita wananunua, wanakubaliana kusoma sura kadhaa kwa mwezi, na kinachosafiri ni barua tupu. Riwaya inakwisha kwa pamoja, hakuna wa kwanza wala wa mwisho, na hakuna anayejua mwisho kabla ya mwenzake. Kwa mazungumzo yenyewe hakuna njia inayoifikia.

Kikwazo ni upatikanaji. Maduka mengi ya vitabu ya mikoani yanaishi kwa vitabu vya shule. Riwaya nzito unaagiza Dar es Salaam, na nakala sita za mara moja ni mzigo. Kingine ni wingi wa barua. Sita wakiandikiana kila mmoja kwa kila mmoja, ni barua 30 kwa zamu moja, na hakuna atakayefika zamu ya pili akiwa na hamu. Afadhali barua ya mzunguko: bahasha moja kubwa ya kaki, ndani yake karatasi za watu wote sita. Ikikufikia unasoma zote, unatoa karatasi yako ya zamani, unaweka mpya inayojibu wenzako, unaituma kwa anayefuata. Bahasha haizidi uzito kwa sababu kila kinachoingia kinatoa kilichokuwamo. Karatasi ulizotoa unazihifadhi wewe, na baada ya riwaya mbili tatu unakuwa na kumbukumbu ya ulivyobadilika mawazo.

Kuna wanaosema barua za nini, kundi la WhatsApp lipo. Kwa kupeana taarifa kwamba kifurushi kimetoka na kimefika, hakuna kinachoishinda. Kwa maoni ya riwaya, mtu mmoja akimaliza saa sita usiku anatuma sauti ya dakika nne akilia kwamba fulani amekufa, na wenzake watano wako sura ya tatu. Basi.

Nakala mbili zinazotokea pande mbili

Kama mngeniuliza nichague moja kwa ajili ya hao sita, ningechagua hii, na haitajwi sana.

Nunueni nakala mbili, na madaftari mawili. Nakala ya kwanza ianzie Tabora, ipite Sikonge na Urambo. Ya pili ianzie Kasulu, ipite Ujiji na Nguruka. Kila nakala ina wasomaji watatu tu: wiki 9 za kusoma, na 2 za njiani, yaani wiki 11 badala ya 23. Baada ya hapo vitabu vinapumzika, na madaftari yanavuka. La Tabora linaingia Kigoma kupitia Nguruka, la Kigoma linaingia Tabora kupitia Urambo.

Angalia linalotokea. Hakuna msomaji wa upande mmoja aliyewahi kusoma maoni ya upande wa pili kabla ya kumaliza kitabu. Tabora wamejibizana wao kwa wao, Kigoma wao kwa wao, halafu kila upande unapokea daftari zima la watu walioisoma riwaya ile ile wakiwa wamesimama kwingine. Mzee wa Sikonge na mama wa Ujiji wangekutana hapo, kila mmoja akiwa ameshasema lake lote. Wa kwanza wa Tabora, aliyeandika gizani, anapata majibu ya watu watatu kwa mpigo.

Mnachopoteza ni bei ya nakala moja zaidi, na ule utamu wa kuona kitabu kimoja kimechakaa kwa mikono ya wote. Wanaojali sana hilo la pili wako, na hoja yao naielewa, lakini sitasubiri miezi mitano kwa ajili yake.

Idadi yenu ikiwa watatu au wanne, msihangaike na nakala mbili. Mzunguko na daftari la zamu mbili unatosha. Mkizidi wanane, gawanyikeni.

Ipo pia njia ya vipande: nakala moja ya bei nafuu inakatwa sehemu nne, kila sehemu inashonwa na kuwekewa kava, na zinapita moja baada ya nyingine kama hadithi za magazetini zilizokuwa zikiishia na "itaendelea." Watu wanne wanasoma kwa wakati mmoja, na hamu ya kungoja sehemu ya tatu haielezeki. Lakini kitabu kimekufa, na sehemu moja ikipotea zote ni za kuwashia jiko. Kwa kitabu ambacho tayari kimeng'oka jalada, jaribuni. Kwa kipya, hapana.

Nani abebe

Posta ina faida moja kubwa: stempu, tarehe, na utaratibu unaojulikana, na ukitaka uhakika zaidi unatuma kwa rejista, mpokeaji anatia sahihi. Muhimu kukumbuka ni kwamba barua inafika kwenye sanduku la posta, na si kila mtu ana sanduku. Wengi hutumia la shule, la kanisa, la msikiti au la ofisi. Hilo linafaa kwa daftari. Kwa riwaya lina hatari yake ndogo: najua shule moja ambako kifurushi kilifunguliwa kwa nia njema kabisa, na walimu wanne wakakisoma kitabu kabla mwenyewe hajaambiwa kimefika. Andika nje "BINAFSI" kwa herufi kubwa, na namba ya simu ya mpokeaji.

Basi lina kasi. Unalipia ofisini kwao stendi, unapewa risiti, unamtumia mpokeaji picha ya risiti na namba ya basi, anaenda kuchukua siku hiyo hiyo au kesho yake. Kwa hatua kati ya miji, kama Tabora na Kigoma, mimi ningetumia basi kwa kitabu na posta kwa daftari. Kwa mtu wa kijijini, nauli ya kwenda stendi kuchukua kifurushi inaweza kuzidi gharama ya kukituma. Huyo kitabu kimfikie kwa mtu.

Treni ya abiria haipiti kila siku, lakini kwa Nguruka na vituo vya njiani watu wameizoea, na kuna kila mara mtu wa kwenu anayepanda. Mtu ni mbebaji wa bure na asiyetabirika. Akiwa muungwana, kitabu kinafika na salamu. Akiwa msomaji, kitachelewa.

Kwa njia hii hii ya Tabora na Ujiji kuna kisa kinachostahili kujulikana na kila kundi la wasomaji wa huku. Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, alikuwa Ujiji akingoja barua, na mfuko wa barua zake ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870 ulikuwa umetoka Zanzibar ukakwama Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo. Haukumfikia mpaka Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alipoukuta huko, akauchukua, akaufikisha Ujiji mwishoni mwa 1871, mwaka mzima baadaye. Na mzee yule, alivyosimulia Stanley, aliuweka mfuko magotini, akasoma barua moja mbili tu za watoto wake, akataka habari za dunia kabla ya barua nyingine. Mwenzenu wa Kasulu akichelewa wiki mbili, mvumilieni.

Kuhusu kufunga: mvua za huku zinaanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Kitabu kiingie kwanza kwenye nailoni ile ya kufunikia madaftari, kisha kaki, kisha selotepu kwenye pembe zote nne. Pembe ndizo zinazofika zimevunjika. Kipande cha boksi gumu kila upande, kilichokatwa kikazidi kitabu kwa upana wa kidole, kinazuia hilo kabisa.

Na riwaya yenyewe

Njia na kitabu vinachaguana. "Peponi" ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022 kutoka kwenye riwaya ya Kiingereza ya 1994, inafaa sana kwa nakala mbili za pande mbili. Ni ya juzuu moja, haichoshi mkoba, na kisa chake cha mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, kisha akafuata msafara wa mfanyabiashara kwenda bara wakati Wajerumani wanaingia, kinawagusa watu wa njia hii kila mtu kwa upande wake. Kundi lenye ubishi litapata chakula humo.

Riwaya ya Aniceti Kitereza ya Myombekere na Bugonoka ni jambo jingine. Aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, na Kiswahili chake kikatoka 1980 kwa juzuu mbili. Haina haraka, inakupitisha kwenye kilimo, uvuvi, dawa, ndoa na adabu za kukaribisha wageni huko Ukerewe kabla ya wakoloni. Juzuu mbili zinaonekana kama usumbufu, lakini kwa mzunguko ni baraka: juzuu ya pili inatoka wiki 5 nyuma ya ile ya kwanza, na watu wawili wanasoma kwa wakati mmoja bila kununua nakala ya ziada. Wape wiki 5 kila juzuu. Wanaopenda vita na mapanga watalalamika kwamba hakuna kinachotokea. Wanaojua bei ya ng'ombe wa mahari hawatalalamika.

"Uhuru wa Watumwa" ya James Mbotela, ya 1934, ni fupi, na inafaa kwa kundi linaloanza. Mwandishi ni mtoto wa mtu aliyekombolewa utumwani, na kitabu kinawaeleza waliokombolewa wakawekwa Freretown, Mombasa. Kinawasifu mno Waingereza, na hapo ndipo utamu wa daftari unapokuja, kwa sababu watu watagawanyika vibaya. Ukiwa na nakala ya zamani yenye kurasa zilizokauka, hiyo ndiyo ya nenda-rudi. Usiitie kwenye mzunguko hata wakikubembeleza.

Lililobaki ni penseli au wino. Wakiandika pembeni kwa penseli, kitabu kinaweza kufutwa na kupelekwa maktaba ya mkoa, Tabora au Kigoma, kikasomwa na wengine. Wakiandika kwa wino, msikipeleke; pigeni kura nani abaki nacho. Kwenye nakala mbili hakuna ugomvi: moja inabaki upande huu, nyingine upande ule. Madaftari ndiyo ya kupigania, na ushauri wangu ni kwamba yabadilishane, la Tabora likae Kigoma na la Kigoma likae Tabora, kwa yeyote atakayekubali kuyatunza, ila yule ambaye tarehe zake kwenye jalada la nyuma zina pengo.